Albamu za Kantri Zinazostahili Kutafutwa: Hotuba kwa Wapenzi wa Santuri

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, mabibi na mabwana, nanyi vijana mliokuja na santuri zenu kwapani:

Nimeombwa nizungumzie albamu za kantri na za kantri-roki ambazo mtu anayeanza kukusanya santuri anapaswa kuzitafuta. Ningeweza kusoma majina hamsini kisha nikaketi. Nimeona afadhali nitetee hoja moja, na albamu nitakazozitaja ziwe ushahidi wake: anayekusanya muziki huu aache kununua mikusanyo ya vibao, atafute zile albamu ambazo mwimbaji mwenyewe, au watu waliokaa naye studio, waliamua nini kiingie na nini kiachwe. Albamu za namna hiyo si nyingi katika kantri ya zamani, na zile ninazoziona kuwa bora zilitengenezwa katika kipindi kifupi, baina ya mwaka 1962 na 1975.

Najua hoja hii itawaudhi baadhi yenu, kwa kuwa sisi Wakenya tumelelewa na vibao. Kantri ilitufikia kwa redio, wimbo mmoja mmoja, na majina ya Jim Reeves, Skeeter Davis, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton yakawa ya nyumbani Nakuru, Eldoret na Nyeri. Katika usiku wa mugithi mpiga gitaa hutoka kwenye wimbo wa Kikuyu akaingia wimbo wa Kenny Rogers, na hakuna anayegeuza shingo kushangaa. Uhusiano wenyewe ni wa zamani kuliko redio nyingi za majumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kurekodia, alinasa kwa Wakipsigis nyimbo zilizoitwa Chemirocha, na aliyekuwa akiimbwa humo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilikuwa imefika nyanda za Kericho ndani ya gramafoni. Wasichana wa huko walimwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu swala. Tuna haki na muziki huu, basi, na hatuhitaji kuomba radhi kwa kuupenda. Ninalolalamikia ni kwamba santuri tulizonunua baada ya kuvutwa na redio zilikuwa, kwa sehemu kubwa, vibao vilivyookotwa huku na kule na kampuni.

Tuwe waadilifu: hata huko Nashville, mji wa Marekani uliokuwa kitovu cha kantri, biashara yenyewe haikufikiri kwa albamu. Kipindi kimoja cha kurekodi kilikuwa cha saa tatu, na katika saa hizo zilitarajiwa nyimbo tatu au nne. Wapigaji walikuwa wale wale wa kukodi, mahodari mno, wanaoweza kusikia wimbo mara moja na kuupiga, na mtayarishaji wa kampuni ndiye aliyechagua nyimbo na mapambo yake. Wimbo ukivuma, hujazwa nyingine kumi kuuzunguka, likapigwa jalada, ikaitwa albamu. Jim Reeves ni mfano mzuri na mgumu. Chet Atkins wa kampuni ya RCA aliondoa fidla na gitaa la stili, akaweka violini na waitikiaji laini, na sauti ile ya chini, iliyosogezwa karibu kabisa na maikrofoni, ikauzika dunia nzima. Tarehe 31 Julai 1964 ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville. Kampuni haikukoma. Iliendelea kutoa albamu kwa miaka mingi, ikiibandika sauti yake juu ya vyombo vipya, hata mwaka 1981 ikatoka santuri ambamo anaimba pamoja na Patsy Cline, ambaye naye alikuwa amefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1963, na ambaye hawakuwahi kurekodi pamoja. Anayempenda Jim Reeves, nami ni mmoja wao, atafute A Touch of Velvet ya mwaka 1962, iliyotoka akiwa hai, na awe na shaka na karibu kila kitu kilichokuja baadaye.

Mwaka huo huo wa 1962 ndipo inapoanzia orodha yangu, na inaanza na mtu ambaye wengi hawamhesabu katika kantri. Ray Charles alipohamia kampuni ya ABC-Paramount alijadili mkataba uliompa mamlaka juu ya kazi yake na umiliki wa kanda zake, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra kwa mwimbaji yeyote, seuze mwimbaji mweusi. Aliitumia nafasi hiyo kufanya kitu ambacho kampuni ilikiona kuwa hatari kwa biashara: alichukua nyimbo kumi na mbili, nyingi zikiwa ni mali ya waimbaji wa kantri kama Hank Williams, Eddy Arnold na Don Gibson, akaziimba baadhi kwa bendi kubwa ya tarumbeta na saksafoni, na nyingine kwa kundi zima la vyombo vya nyuzi. Albamu ikaitwa Modern Sounds in Country and Western Music, nayo ikakaa juu ya orodha ya mauzo ya Marekani kwa wiki 14. Violini humo ni vingi kuliko vya Chet Atkins, nakiri, lakini sikilizeni anavyochelewa nyuma ya mdundo, anavyoacha waitikiaji wamalize sentensi ndipo yeye aingie kana kwamba hakuwa na haraka ya kusema lililomleta. Hakuna mtayarishaji aliyemwelekeza kufanya hivyo.

Sasa nije kwa Johnny Cash, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Kwa miaka kadhaa Cash alikuwa akiimba magerezani na akiwaomba wakubwa wa kampuni yake, Columbia, wamruhusu kurekodi huko, wasimruhusu. Uongozi ulipobadilika na Bob Johnston akapewa kazi ya kumtayarishia albamu, ruhusa ikapatikana, na tarehe 13 Januari 1968 Cash akaingia katika ukumbi wa chakula wa gereza la Folsom, California, akafanya maonyesho mawili siku hiyo hiyo, la asubuhi na la mchana. Karibu nyimbo zote za At Folsom Prison zimetoka katika onyesho la asubuhi. Wafungwa waliambiwa mapema wasipige makofi mpaka Cash ajitambulishe, ndiyo maana santuri inaanza kwa ukimya, kisha jina lake, kisha mlipuko. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili ulitungwa na mfungwa wa gereza lile, Glen Sherley, aliyekuwa ameketi ukumbini asijue kwamba Cash alikuwa ameusikia na kujifunza usiku wa kuamkia siku ile.

Lakini si kila unachokisikia ndicho kilichotokea. Katika wimbo wa kwanza kuna mstari ambapo mwimbaji anasema amemuua mtu ili tu amwone akifa, na mara baada ya mstari huo husikika mfungwa akishangilia kwa sauti kali. Shangwe hiyo iliongezwa baadaye studio. Wafungwa wenyewe walikuwa waangalifu mno, mbele ya walinzi, kushangilia jambo kama lile. Seneta Robert Kennedy alipouawa mwezi Juni mwaka ule, vituo vya redio viliuogopa mstari huo, na kampuni ikaukata katika santuri ndogo iliyokuwa imekwisha kutolewa. Mkusanyaji mwenye kuyajua haya husikiliza albamu hii kwa masikio mengine: anasikia ushujaa wa Cash, na anasikia pia mkasi wa kampuni ukifanya kazi pembeni. Kwangu mimi haipunguzi thamani. Sauti ya milango ya chuma, matangazo ya namba za wafungwa yanayokatiza nyimbo, Cash akikohoa na kutania, vyote hivyo havingewezekana katika saa tatu za Nashville.

Mwaka ule ule wa 1968 vijana wenye nywele ndefu kutoka Los Angeles walikwenda Nashville. The Byrds walikuwa bendi ya roki yenye jina kubwa, na mwezi Februari walikuwa wamemwingiza kijana aitwaye Gram Parsons, mtoto wa familia iliyotajirika kwa mashamba ya machungwa ya Florida, ambaye mapenzi yake kwa kantri yalikuwa kama ya mtu aliyeokoka. Aliivuta bendi nzima upande wake. Mwezi Machi walipewa nafasi ya kuimba katika kipindi cha Grand Ole Opry, jukwaani Ryman, mahali ambapo wapenzi wa kantri walipaheshimu kama kanisa, na hadhira ikawapokea kwa kejeli. Parsons akazidisha: badala ya kuimba wimbo wa Merle Haggard uliokuwa umetangazwa, aliimba wake mwenyewe aliomtolea nyanya yake. Mwendeshaji wa kipindi, Tompall Glaser, alighadhibika. Likumbukeni jina hilo, litarudi.

Albamu iliyotokana na safari ile, Sweetheart of the Rodeo, haikuuzika. Wapenzi wa roki waliona ni ya wazee, na wapenzi wa kantri waliona ni ya wahuni. Zaidi ya hayo, Parsons alikuwa bado amefungwa na mkataba wa kampuni nyingine, kwa hiyo sauti yake ikaondolewa katika baadhi ya nyimbo na Roger McGuinn akaziimba upya. Santuri ya mwaka 1968 ina uimbaji huo wa McGuinn, ambao katika nyimbo za dini unasikika kama wa mtu anayeigiza. Rekodi za Parsons zilizofichwa zilikuja kutolewa miongo kadhaa baadaye. Inunueni hata hivyo. Gitaa la stili la Lloyd Green, lile linalolazwa mbele ya mpigaji na kupigwa kwa chuma mkononi na pedali miguuni, limepewa humo uhuru ambao watayarishaji wa Nashville hawakuwa wakimpa: ameeleza kwamba alipouliza wanataka apige wapi, waliwaka kwa furaha na kumwambia apige kila mahali. Sikilizeni wimbo wa ufunguzi. Yeye ndiye anayeingia kwanza.

Parsons na mwenzake Chris Hillman walipotoka Byrds waliunda Flying Burrito Brothers, na albamu yao ya Februari 1969, The Gilded Palace of Sin, ndiyo ninayoiona kuwa kilele cha kantri-roki yote. Mpiga stili wao, Pete Kleinow, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kutengeneza sanamu za kusogea katika filamu, alilipitisha gitaa lake katika kifaa cha kukwaruza sauti ambacho wapiga gitaa wa roki walikuwa wakikitumia, likatoa mlio ambao haukuwa umesikika katika chombo kile. Nyimbo mbili za soul, muziki wa Wamarekani weusi, zilizotoka Memphis zimewekwa katikati ya upande wa kwanza, zikaimbwa kwa huzuni ya kantri, na ghafla mpaka baina ya muziki wa weusi na wa weupe wa Kusini unaonekana ulivyo mwembamba. Litazameni na jalada. Suti nyeupe ya Parsons, iliyoshonwa katika karakana ya Nudie Cohn, imetariziwa majani ya bangi, vidonge na wanawake uchi, mahali ambapo nyota wa Nashville wangetarizi maua na magurudumu ya mkokoteni. Parsons alifariki jangwani Joshua Tree tarehe 19 Septemba 1973, akiwa na umri wa miaka 26. Albamu zake mbili za mwisho, GP na Grievous Angel, ya pili ikitoka baada ya kifo chake, zina sauti ya Emmylou Harris pembeni yake, na anayezipenda aendelee moja kwa moja hadi Pieces of the Sky ya mwaka 1975, ambamo Harris anasimama peke yake.

Kuna albamu moja ya upatanisho ambayo sitaki ikose. Mwezi Agosti 1971 Nitty Gritty Dirt Band, vijana wengine wa California, waliwakusanya Nashville wazee wa muziki wenyewe: Mama Maybelle Carter, ambaye familia yake ilianza kurekodi mwaka 1927, Earl Scruggs wa banjo, Doc Watson, Merle Travis, Jimmy Martin na Roy Acuff, ambaye alianza kwa kuwatilia shaka kwa ajili ya nywele zao kisha akalainika. Walirekodi moja kwa moja katika mikondo miwili ya kanda, bila kurudi kuongeza wala kufuta, na wakaacha mazungumzo baina ya nyimbo. Kwa hiyo katika Will the Circle Be Unbroken utawasikia Doc Watson na Merle Travis wakikutana kwa mara ya kwanza maishani, na Watson, mtu asiyeona, akimweleza Travis kwamba mwanawe amepewa jina la Merle kwa ajili yake. Hizo ni dakika chache za wapiga gitaa wawili wakiamkiana, na kampuni yoyote makini ingezikata.

Nije Texas. Willie Nelson alikuwa amekaa Nashville miaka mingi kama mtunzi anayeheshimiwa na mwimbaji asiyejulikana afanywe nini. Alipojiunga na Columbia mkataba ulimpa uamuzi wa mwisho, naye mwaka 1975 akaenda katika studio ya mji wa Garland, karibu na Dallas, akarekodi kwa siku chache na kwa gharama ya dola elfu chache hadithi moja ndefu: mhubiri aliyeachwa na mkewe, akamuua mkewe na mwanamume wake, kisha akatangatanga. Vyombo ni gitaa lake la nyuzi za nailoni, piano ya dada yake Bobbie, harmonika ya Mickey Raphael na kidogo zaidi. Wakuu wa kampuni walipoisikia Red Headed Stranger walidhani ni majaribio, wakangoja apeleke kazi kamili. Mkataba ukawafunga mikono. Wimbo mmoja wa albamu hiyo, ambao Fred Rose alikuwa ameutunga miaka ya 1940, ukashika namba moja katika orodha ya kantri. Jambo linalonivutia kila ninapoiweka sindano ni jinsi utenzi wa mhubiri unavyorudi kila baada ya nyimbo chache, wakati mwingine ukiwa na beti mpya, wakati mwingine ukiwa muziki mtupu, kwa namna ambayo mtu akikutolea kibao kile peke yake na kukitia katika mkusanyo, amekutolea ukurasa mmoja wa kitabu.

Rafiki yake Waylon Jennings alipigana vita hivyo hivyo ndani ya RCA, na tunda lake bora ni Honky Tonk Heroes ya mwaka 1973, iliyojaa nyimbo za Billy Joe Shaver, mtunzi ambaye hakuna aliyekuwa akimjua. Wimbo wa mwisho tu ndio usio wake. Sasa angalieni ujanja wa biashara. Mwaka 1976 RCA iliona kwamba uasi unauzika, ikaokota rekodi za Jennings, za mkewe Jessi Colter, za Nelson na za yule Tompall Glaser wa Opry, nyingi zikiwa zimekwisha kutoka zamani, ikazifunga pamoja kwa jina la Wanted! The Outlaws, ikawa albamu ya kwanza ya kantri kupewa hadhi ya platinamu kwa mauzo. Waasi waliouza kuliko wote waliuzwa kama mkusanyo. Mkiiona sokoni, iacheni palepale, mtafute Honky Tonk Heroes.

Dolly Parton mnamjua kwa vibao, na vibao vyake ni vizuri, lakini Coat of Many Colors ya mwaka 1971 ni kitu kingine. Nyimbo saba kati ya kumi amezitunga mwenyewe, na ule wenye jina la albamu unasimulia koti ambalo mama yake alimshonea kwa vipande vya matambara, na kicheko alichokutana nacho shuleni. Jalada ni picha ya kuchorwa ya mtoto mwenyewe ndani ya koti lile. Albamu yote haifiki nusu saa. Karibu yake wekeni In Person ya Charley Pride, ya mwaka 1969, iliyorekodiwa Panther Hall, Fort Worth. Huyu ndiye mtoto wa wapanda pamba wa Mississippi ambaye RCA ilituma santuri zake za kwanza redioni bila picha, ili watangazaji wasijue kwamba ni mweusi, na miaka michache baadaye unasikia ukumbi wa Texas ukimlilia aongeze.

Kuhusu Eagles nitasema kidogo. Desperado ya mwaka 1973, iliyorekodiwa London, inastahili nafasi kwa kuwa ilikusudiwa kuwa hadithi moja. Yaliyofuata ni roki nzuri ambayo si kazi yangu leo.

Mwisho, mambo ya mikono na macho. Mkiwa kwenye vibanda vya santuri vya Soko la Kenyatta, soma lebo kabla ya jalada. Santuri za Columbia za miaka ya 1960 zina maneno "360 Sound" chini ya lebo nyekundu; kwa Folsom na Sweetheart hiyo ndiyo alama ya chapa za awali, ilhali Red Headed Stranger haiwezi kuwa nayo kwa sababu lebo ilikuwa imebadilika. RCA mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipunguza plastiki, ikatoa santuri nyembamba zinazonesanesa ilizoziita Dynaflex. Za Dolly na Waylon nyingi ni za namna hiyo, msizitupe mkidhani ni bandia. Ogopeni rekodi za zamani za mono zilizogeuzwa kwa umeme zikaitwa stereo, ambazo Capitol iliziita Duophonic: sauti yake ni kama ya mtu aliyefungiwa bafuni. Inueni santuri usawa wa macho mwone kama imepinda, kisha igeuzeni kwenye mwanga wa jua mwone mikwaruzo, kwa maana taa ya kibandani huficha mengi. Wenzetu wa Mombasa na Lamu wana adui wawili, joto na unyevu. Wasimamishe santuri wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na wabadilishe mifuko ya karatasi ya ndani kabla kuvu haijaanza. Will the Circle Be Unbroken ni ya santuri tatu, na mara nyingi moja imebaki kwa mmiliki wake wa zamani, basi fungueni mhesabu kabla ya kulipa.

Na aliye na fedha za santuri moja tu aanze na Red Headed Stranger. Iliuzwa kwa wingi, kwa hiyo si ghali kama ya akina Burrito. Vyombo vyake vichache havifichi kasoro za mashine yako: ikiwa sindano imechakaa au kasi inayumba, piano ya Bobbie Nelson itakwambia kabla ya upande wa kwanza kwisha.